Aliyejibu Naam Bila Kuamka

4 Februari

Mjomba Naam,

Shikamoo. Kabla hujaendelea na mstari wa pili, nakuomba uikunje karatasi hii uende nayo mahali ambapo hakuna anayechungulia juu ya bega lako. Ukimaliza kusoma, ifiche kwenye mojawapo ya yale maboksi yako ya vyuma chakavu, ambako hata mkaza mjomba hathubutu kuingiza mkono. Mama asijue hata neno moja. Mama akijua, shangazi atajua, na shangazi akijua ni kama nimetangaza redioni.

Sisi hatujambo. Goti la Mama linamsumbua ngazini tu, lakini bado anapanda ngazi kwa ukaidi. Mdogo wangu amepata leseni ya udereva, na sasa hatembei tena hata kwenda dukani, ingawa gari hana. Mimi nimepanga chumba nyuma ya karakana ya fundi viatu. Kinanuka gundi, lakini dirisha linafunguka. Nimekupigia simu tangu wiki iliyopita. Inaita mpaka inachoka. Nilipomuuliza Mama, alisema umechoka kidogo, halafu akaanza kuniuliza habari za mapazia.

Sasa shida yangu. Unajua nimeajiriwa ukarani katika ofisi inayochapa vitabu vya nukta nundu, vya wanafunzi wasioona. Mimi naandika kitabu kwenye kompyuta, na kompyuta inaiamrisha mashine kubwa ya kutoboa, iliyoko chumba cha pili, itoboe karatasi. Mashine hiyo ikifanya kazi, jengo zima linatetemeka kama lina homa. Programu inayoielewa imo ndani ya kompyuta ile moja tu, tena kuukuu, na waliotuletea walifunga kampuni yao zamani. Nakala hatuna.

Desemba walikuja wapaka rangi. Walinihimiza, "Dada, toa hayo madude, rangi inakauka kwenye ndoo." Nikazima kompyuta, nikachomoa waya ukutani, nikaisukuma ukumbini ikiwa imefunikwa shuka. Ilikaa huko mpaka tulipofungua ofisi tena. Nilipoirudisha na kuiwasha, ilipiga mlio mmoja, ikaandika maneno kwa herufi nyeupe kwenye kioo cheusi, ikasimama hapo. Inasema iwekewe diski ya boot.

Mkuu wa ofisi alikuja akasoma kwa sauti. "Boot," akasema. "Si wameandika kabisa kwamba iko kwenye buti? Dereva, nenda kaangalie kwenye gari." Dereva alikwenda, Mjomba. Alirudi na jeki, na mwavuli wa mkuu uliopotea tangu mvua za mwaka juzi. Mkuu aliufurahia mwavuli kiasi kwamba kwa muda tulisahau kompyuta.

Mimi sikuweza kucheka. Aliyeizima wa mwisho ni mimi. Niko kwenye kipindi cha majaribio mpaka mwisho wa Aprili, na kila mtu akinitazama naona ananitazama mkono uliochomoa ule waya. Fundi wa mjini alikuja, akaigonga kwa kidole, akasema diski imekufa. Anataka kuweka diski mpya na programu za kisasa. Mkuu amekubali aje mwanzoni mwa Aprili, zikifika. Akishaweka, mashine ya kutoboa haitakuwa na wa kuzungumza naye, na itauzwa kwa uzito wa chuma. Kitabu cha sayansi cha darasa la mwisho kimefika nusu. Watoto wale watafanya mtihani kwa kusomewa nusu iliyobaki na yeyote atakayekuwa na nafasi.

Niambie ukweli, hata kama ni mchungu. Je, nimeiua?

Mpwa wako,
mwenye jina la mama yako na woga wa peke yangu.


1 Machi

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema. Jibu ndilo limechelewa. Usiulize.

Huku wazima. Mkaza mjomba wako anakusalimu, amenunua kuku watatu na wote wanamchukia. Simu yangu ni mbovu. Usipige. Andika.

Hujaiua. Soma tena sentensi hiyo, halafu kunywa maji.

Sasa nikufundishe. Kompyuta ikiwashwa haijui kitu. Haijui vitabu vyako wala mashine ya kutoboa. Kuna programu ndogo tu, iliyochomwa ndani ya chip ya bodi yenyewe. Hiyo haikai kwenye diski. Hiyo ndiyo inayoamka kwanza.

Ifikirie kama mama yangu, yule uliyerithi jina lake. Nyumba yetu ilikuwa na watu wengi na vyumba vingi. Yeye aliamka kabla ya wote. Kwanza alipapasa: taa ipo, maji yapo, paa lipo. Kukiwa na kasoro alipiga kelele hapo hapo. Kila kitu kikiwa sawa alipita kugonga milango, kwa mpangilio wake, mlango mmoja baada ya mwingine. Aligonga mara mbili na kuita. Wa kwanza kujibu "naam" alikabidhiwa nyumba. Huyo ndiye aliyewasha moto na kuwaamsha wengine. Mama alirudi kulala.

Programu ile hufanya hivyo hivyo. Inapapasa vifaa, kisha inagonga: flopi, ile diski ndogo ya kuchomeka kwa mkono, diski kubwa ya ndani, na vingine. Kwenye kila mlango inasoma kipande cha kwanza kabisa, inatafuta alama fupi mwishoni mwake. Alama hiyo ndiyo naam. Ikiipata, inakikabidhi kile kipande nyumba nzima. Chenyewe ni kidogo, lakini kinajua programu kubwa imelala wapi.

Sasa sikiliza. Kwetu alikuwepo kijana mmoja, chumba cha karibu na mlango. Alijibu "naam" akiwa usingizini. Mama anakwenda zake kulala, kumbe kijana hajaamka. Moto haukuwashwa. Watu walikwenda kazini na njaa. Unamjua kijana huyo. Mama yako ndiye aliyembandika jina, na mpaka leo watoto wake wanamwita hivyo.

Flopi yoyote iliyotayarishwa ina ile alama, hata kama haina programu ndani. Inajibu naam, halafu inasema sina kitu, wekeni nyingine. Kwa hiyo tazama mdomo wa flopi. Kuna kitu humo? Kitoe. Washa upya. Niandikie kioo kinasema nini, neno kwa neno, na saa yake inasoma tarehe gani.

Kisha, ukiwasha, kabla haijatulia, bonyeza Delete kwenye kabati. Utaingia chumba cha mipangilio. Usibadilishe kitu bado. Tazama tu. Na tazama pia kijiko, maana nadhani kimekwisha.

Mjomba wako.


9 Machi

Mjomba Naam,

Shikamoo. Kumbe ndiyo maana. Miaka yote nilidhani unaitwa hivyo kwa sababu hukatai kitu ukiombwa. Nilimuuliza Mama kwa ujanja, bila kusema nimeandikiana nawe, alikuwa nani yule kijana aliyejibu bila kuamka. Alicheka mpaka akashika goti. Halafu akaniuliza barua yako ilikuwa na mwandiko wa namna gani. Nikasema barua gani. Tukaachana hapo, kila mtu na uongo wake.

Flopi ilikuwepo. Ni yangu, ina sura ya nne ya kitabu cha sayansi. Huwa naiacha humo siku zote na haijawahi kuleta shida, ndiyo sikuikumbuka. Nimeitoa. Kioo kimebadilika: sasa hakidai diski ya boot, kinasema hakuna diski yoyote iliyoonekana. Sijui kama tumesogea mbele au tumerudi nyuma, lakini Mjomba, yamebadilika, na mimi nilikuwa nimezoea kuyaona maneno yale yale mpaka nayaota. Saa yake inasoma Januari ya mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la kwanza.

Lakini kuna sehemu nimekwama. Umeandika nibonyeze Delete kwenye kabati. Nimeifungua kabati ya ofisi. Nimepapasa pande zote, nimeondoa mafaili, nimetafuta kitufe mpaka nyuma karibu na ukuta. Mwalimu msomaji akanikuta kichwa kikiwa ndani. Huyu ndiye anayehakiki vitabu vyetu kwa vidole. Haoni tangu utotoni, na hakuna kinachompita.

"Karani," akaniambia, "unapumua kama mtu aliyeficha mwizi. Unatafuta nini?"

"Kitufe, Mwalimu."

"Kwenye kabati. Haya. Na dereva alitafuta diski kwenye gari. Ofisi hii kila kitu kinatafutwa kwa bidii mahali kisipokuwepo."

Baadaye niliona kwamba huenda ulimaanisha kibodi. Nitajaribu, lakini sitaki kubonyeza kitu kwa kubahatisha. Na kijiko ndicho kimenishinda kabisa. Nimefungua pembeni ya kompyuta kwa bisibisi ya fundi viatu, nimetazama ndani. Kuna vumbi, nyaya na bodi. Kijiko hakuna. Ni kifaa gani hicho? Je, ndicho kilichoharibu diski?

Fundi wa mjini amesema vifaa vyake vimefika. Nimemwomba mkuu asubiri kidogo, nikasema kuna mtu wa ukoo wetu anayejua mashine za zamani. Jina sikulitaja. Mkuu akasema atangoja mpaka katikati ya Aprili, basi.

Nijibu upesi, Mjomba. Na useme kama una afya.

Mpwa wako.


28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari mpya ila kwamba sijapata jibu. Pengine barua yangu imepotea, pengine ya kwako. Au nimekuudhi kwa kukuuliza habari za kijiko. Kama nimekuudhi, nisamehe; sikukusudia kukusahihisha. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika bisibisi.

Nimepiga simu tena ingawa ulinikataza. Safari hii ilipokelewa. Nilisikia mtu anavuta pumzi, kuku wakapiga kelele kwa mbali, halafu ikakatwa. Kwa simu mbovu, inasikika vizuri.

Sitapiga tena. Ila nataka ujue kwamba nilifurahi kusikia wale kuku.

Mpwa wako.


6 Aprili

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Hujaniudhi.

Nimeandika karatasi tatu nikachana. Hii ndiyo nitakayotuma hata ikiwa mbaya.

Si kabati. Kibodi. Umeelewa mwenyewe.

Kuhusu kile kingine. Jina lake haliji leo. Nitakwambia kazi yake. Ni kidogo, cha mviringo, kinang'aa, kipana kama kifungo cha koti. Kimelala kwenye bodi, ndani ya kikombe chake. Kompyuta ikizimwa, chenyewe hakizimiki. Kinamkumbusha yule mama saa ngapi sasa, nyumba ina vyumba gani, agonge mlango upi kwanza. Waya ukiwa ukutani, umeme wa ukutani unakisaidia. Wewe ulichomoa, kikabaki peke yake. Kumbe kilikuwa kimeshachoka zamani, na hakuna aliyejua. Yule mama akasahau yote. Akarudi kwenye mazoea ya kiwandani: flopi kwanza. Zamani alikuwa anaanza na diski, ndiyo maana flopi yako haikumsumbua. Na diski, amesahau kwamba chumba hicho kipo.

Kwa hiyo diski haijafa. Imelala chumbani kwake, inangoja kugongewa.

Fanya hivi. Zima, chomoa. Gusa bati la kasha kwanza, umeme wa mwilini ukutoke. Toa kile kidude, nenda nacho dukani wanapouza saa, waoneshe, watakupa mwenzake. Upande wenye alama ya kujumlisha utazame juu. Washa. Delete, kwenye kibodi. Weka tarehe. Palipoandikwa diski ya kwanza hakuna, chagua ijitafutie yenyewe. Palipoandikwa mpangilio, weka diski mbele ya flopi. Hifadhi. Toka. Subiri.

Usiogope chumba kile. Ukikosea, toka bila kuhifadhi, itakuwa kama hukuingia.

Mjomba.

*Nyuma ya bahasha, kwa penseli:* Mwanangu, ni mimi mkaza mjomba. Barua hii imemchukua siku nyingi. Ameipeleka posta mwenyewe, kwa miguu yake, na hakutaka nimshike mkono. Usimwambie kama nimeandika.


17 Aprili

Mjomba Naam,

Shikamoo, shikamoo tena. Keti kwanza.

Ni betri. Nililijua neno hilo ulipofika kwenye kifungo cha koti, na nikalisema kwa sauti peke yangu chumbani, fundi viatu akauliza kupitia ukutani, "Betri gani?"

Muuza saa alinipa mwenzake. Nilifanya kila kitu kama ulivyosema, barua yako ikiwa imefunguliwa juu ya kibodi. Betri iliniponyoka ikaviringika chini ya meza. Mwalimu msomaji aliisikia ilikosimama, akainama, akanipa. Niliingia kile chumba cha mipangilio. Ni cha bluu, Mjomba, na hakina mlango wa kutokea unaoonekana. Nikaweka tarehe. Nikaiambia ijitafutie diski. Ikafikiri kwa muda mrefu, halafu jina la diski likajitokeza na namba zake zote, kama mtu aliyefunua shuka akauliza mbona mnanitazama.

Nikahifadhi. Nikatoka. Nikasubiri.

Kioo kilikuwa cheusi. Mlio mmoja. Kwa ndani nikasikia diski inajikuna. Kisha mistari ikaanza kupanda, na ukurasa wa programu yetu ukafunguka pale pale nilipouacha Desemba, kama vile ni mimi niliyekuwa nimechelewa kurudi. Sikupiga kelele. Nilikaa chini sakafuni.

"Imeamka?" Mwalimu akauliza.

"Imeamka."

"Basi inuka, sakafu ina vumbi. Tuipe kazi kabla haijabadili nia."

Niliandika mstari mmoja wa majaribio, bila kufikiri, nikaupeleka kwenye mashine ya kutoboa. Jengo likatetemeka. Wote wakaja mbio, mkuu mbele, dereva nyuma na kikombe chake cha chai. Mwalimu akaichukua karatasi ikiwa bado ya moto, akapitisha vidole, akasoma mbele ya watu wote: "Asante Mjomba Naam." Akaguna. "Huyu ni nani? Mchumba?"

Siri yangu ikaishia hapo, kwa vidole vya mtu asiyeona. Ikabidi nieleze yote: waya, shuka, ukumbi, flopi, barua. Nilidhani mkuu atanifukuza palepale. Aliuliza tu, "Huyo mjomba wako, anatafuta kwenye buti pia?" Dereva akacheka mpaka chai ikamwagika. Fundi wa mjini alipofika siku ya pili aliitazama ikiwaka, akaomba nimwonyeshe betri iliyokwisha, akasema kwa uaminifu kwamba hakufikiria kuitazama. Ametengeneza nakala ya diski nzima bila kuidhuru. Kwa hiyo hatutakuwa tena na moja tu.

Sasa jambo ambalo naogopa kulisema. Mkuu anataka uje. Kuna mashine nyingine tatu za zamani stoo, na anasema ukija wiki moja tu huenda zote zikaamka. Anataka kuzungumza nawe kwa simu mwezi ujao. Nilisema utakubali, maana hujawahi kukataa. Nilipomaliza kusema nikakumbuka kabati, na kijiko, na ile pumzi niliyoisikia kwenye simu.

Mjomba, sikuulizi. Lakini nimesema neno mbele ya watu, na sijui kama nilipaswa kulisema.

Mpwa wako.


10 Mei

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Hilo ni kweli kwa namna mbili.

Sitaweza kuja. Nitakwambia kwa nini, mara moja, halafu tusirudie.

Novemba niliamka, upande wa kulia haukuamka. Mguu umerudi. Mkono, kidogo, naandika kwa wa kushoto. Maneno ndiyo mabaya. Naliona neno. Liko pale. Nalifuata, linatoka jingine. Nilimwomba mteja wangu wa miaka mingi bisibisi, nikamwambia "nipe mkate." Akacheka, akidhani ni utani wangu. Nilifunga karakana siku hiyo. Nilimwapisha mama yako asiseme. Mtu aliyekuwa anasema mchana kutwa, sasa simu ikiita anaitazama kama nyoka. Siku ile ulipopiga nilitaka kusema jina lako. Likaja neno "sahani." Nikakata.

Kwenye karatasi ni afadhali. Karatasi inangoja. Hospitali kuna binti anayefundisha maneno. Anasema neno lisipokuja, sema kazi yake, kisha umbo lake, kisha mahali pake, mpaka litokee. Nilimdharau. Kisha ukaja na betri yako, sikuwa na njia nyingine, nikafanya alivyosema. Na wewe ukaielewa. Mtu mwingine ameielewa, mbali huko, akaenda dukani akarudi nayo.

Usinifananishe na kompyuta. Najua umeshaanza, nakujua. Mimi hakuna duka la saa litakalonipa mwenzake. Ila tangu Februari nimeandika zaidi kuliko mwaka mzima uliopita, na juzi nilimwita kuku mmoja kwa jina lake.

Mwambie mkuu wako chochote. Mwambie simu yangu ni mbovu.

Mjomba.


19 Mei

Mjomba Naam,

Shikamoo. Utaona nimeandika kwenye karatasi yenye nembo na namba ya simu ya ofisi. Zote za nyuma niliandika kwenye karatasi za daftari langu, ili nikikamatwa zisinishuhudie. Nimepewa ajira ya kudumu. Mama ameshaambiwa, shangazi pia, kwa hiyo dunia nzima inajua. Mama alilia kidogo, na si kwa ajili ya ajira. Alisema, "Bora umejua wewe, mimi nilikuwa nimebeba mawe mdomoni." Anakuja kwenu mwisho wa mwezi, goti au bila goti.

Sikumwambia mkuu kwamba simu ni mbovu. Nilimwambia unafundisha kwa maandishi tu, na kwamba hutaji jina la kitu mpaka mwanafunzi alitaje mwenyewe. Akafikiri, akasema hivyo ndivyo walimu wa zamani walivyokuwa. Amenipa ruhusa nikuandikie habari za mashine zile tatu, moja moja, na wewe unijibu kwa mwendo wako. Ya kwanza inapiga milio mitatu mifupi, haioneshi kitu. Nadhani bado iko kwenye kupapasa, haijafika kwenye milango. Nimekosea?

Kitabu cha sayansi kimekamilika. Nimekuwekea ukurasa mmoja ndani ya bahasha, ule wa umeme. Pitisha vidole vya mkono wa kulia, polepole, hata kama havisikii vizuri. Mwalimu msomaji ndiye aliyesema nikuambie hivyo. Alisema alipoanza kujifunza, kwa mwezi mzima aligusa mchanga tu, kisha siku moja mchanga ukawa herufi.

Sikufananishi na kompyuta. Nakufananisha na kijana wa chumba cha karibu na mlango.

Kwa hiyo, kama unataka kunipata, fanya hivi. Alhamisi ya kwanza ya Juni, saa saba mchana, wenzangu wote watakwenda kula, na simu ya mezani itabaki na mimi. Namba iko juu ya karatasi hii, uitambue ikiita. Usipige wewe. Kaa karibu na simu yako, mkaza mjomba awatoe kuku nje. Mimi ndiye nitakayepiga. Sitasema halo, wala sitauliza habari zako. Nitagonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole, utasikia, kisha nitaita jina lako, kama alivyoita yule niliyerithi jina lake. Halafu nitangoja. Likija sahani, sitakata, nitagonga tena. Likija mkate, nitagonga tena. Sina haraka, chakula cha mchana nitakuwa nimekula mapema.

Na neno moja likija, basi. Mengine yote yaache yalale. Safari hii unaruhusiwa kujibu bila kuamka.

Mpwa wako.